Kiti cha mtoto anayeanza kula: cha duka, cha fundi, au mkeka?

Mtoto akifikisha miezi sita, mama wa Bunia anarudi kutoka kipimo cha CPS, kliniki ya watoto wadogo, na agizo moja jipya: titi liendelee, lakini chakula laini nacho kianze. Mahali pa kumkalisha mla-uji huyu hapazungumzwi, na hapo kila mtu anakuwa mtaalamu. Ndugu aliyeko Kampala atatuma picha ya kiti kirefu chenye magurudumu na kitambaa cha maua. Nyanya atasema paja lake limelea saba na halijamwangusha hata mmoja. Fundi mbao wa Mudzipela ataitazama ile picha kwenye simu na kusema, "Mama, hiki nitakufanyia kwa nusu ya bei." Wote watatu wana hoja. Inayodanganya zaidi ni picha, kwa hiyo tuanze nayo.

Kiti kirefu ni kirefu kwa sababu meza ni ndefu. Meza ya kulia ya Ulaya ina kimo cha sentimita 72 hadi 75, na mtoto amepandishwa ili kifua chake kifike hapo. Mnorwe Peter Opsvik alibuni kiti cha Tripp Trapp mwaka 1972 baada ya kuona mwanawe hana kiti kinachomfaa mezani: vya wachanga amevipita, na vya wakubwa vinamwacha na miguu inayoning'inia. Akatengeneza cha mbao, chenye ubao wa kukalia na ubao wa kukanyagia, vyote viwili vikihamishwa kadiri mtoto anavyokua. Bado kinauzwa, kwa zaidi ya euro 200. IKEA ya Sweden ina Antilop, plastiki tupu juu ya miguu ya chuma, ambayo bei yake Ulaya haifiki euro 40, na wazazi wengi huko wameridhika nayo. Ghali au rahisi, vyote vimetengenezwa kwa familia inayokula mezani.

Sasa angalia nyumba nyingi za Nyakasanza au Bankoko saa ya bugali. Mama yuko kwenye kigoda karibu na mbabula, watoto wako mkekani, na meza ya sebuleni, kama ipo, inaishia magotini. Mtoto akiwekwa juu sentimita 50 na zaidi katika nyumba hiyo, anakuwa mrefu kuliko wote, naye mama analazimika kusimama kwa kila kijiko. Kimo hicho umekilipia, na kazi hakina.

Tena kimo kina hatari yake. Nchini Marekani, watafiti waliopitia takwimu za hospitali za 2003 hadi 2010 walikuta watoto wapatao 9,400 kila mwaka, wa miaka 3 kushuka chini, wakipelekwa kwenye huduma ya dharura kwa ajali za viti virefu. Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wameanguka, na pale ilipojulikana mtoto alikuwa akifanya nini, theluthi mbili walikuwa wamesimama au wanapanda kitini. Hao ni watoto wa nchi ambayo viti hupimwa kabla ya kuuzwa. Kwetu sakafu ni saruji.

Kiti kipya cha dukani kinafika Bunia kikiwa kimechoka. Kimetoka melini Mombasa, kimepita Kampala, kisha kimeingia kwa Mahagi, au kwa Kasindi, Beni na Komanda, au kwa maji kutoka Ntoroko hadi Kasenyi. Njiani kuna forodha, barieri, wapakiaji na wapakuzi, na kila mmoja ana chake. Kibaya zaidi, kiti ni chepesi lakini kinajaza nafasi, na kwenye lori nafasi ndiyo inayolipiwa. Ndiyo maana cha kukunja, kinachosafiri kwenye katoni bapa, kinaweza kuuzwa kwa bei nafuu kuliko kisichokunjwa ingawa kina vipande vingi zaidi. Njia ikifungwa kwa mapigano, bei inapanda bila kiti kubadilika. Nawe utaombwa dola, tena noti safi, kwa kuwa iliyochanika pembeni itarudishwa mkononi mwako.

Usinielewe vibaya, kiti cha duka kina uzuri wake. Mkanda wake ni wa kiwandani, unapita kiunoni na katikati ya miguu, na vizuri zaidi hata mabegani. Sinia inatoka na kuoshwa. Ila kabla ya kulipa, fungua katoni palepale dukani na uhesabu skrubu, kwa sababu skrubu moja ikipotea Bunia utaitafuta hadi mtoto aanze shule. Kiguse kitambaa: kama hakivuliki, uji wa sosoma utaingia kwenye mishono, uchache humo, na kufikia wiki ya pili utakiona kiti kwa pua kabla ya macho. Plastiki tupu, isiyo na mto, ni bora kuliko mto mzuri usiofuliwa. Magurudumu nayo ni mapambo kwa nyumba yenye sakafu ya vigae. Kwenye saruji yenye nyufa ni njia nyingine ya kuanguka.

Kuna kitu kimoja ambacho wauzaji hukiita kiti cha mtoto na si kiti: kile cha duara chenye magurudumu na sinia mbele, ambacho wanaosema Kifaransa hukiita youpala. Watu hukinunua wakiona kinafanya kazi mbili, kulisha na kufundisha kutembea. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004, kukiuza na kukiingiza nchini, kwa sababu ya watoto walioporomoka nacho kwenye ngazi. Nyumba zetu nyingi hazina ngazi. Zina mbabula ya makala yenye sufuria ya maji ya moto juu yake, na mtoto wa miezi minane akiwa na magurudumu anaifikia kabla mama hajageuza shingo. Hata ukipewa bure, kikatae.

Paja na mkeka, basi? Kwa siku za mwanzo havina mpinzani. Mtoto anaanza na vijiko viwili vitatu tu, na kama kichwa bado kinalegea au hawezi kukaa hata akiegemezwa, hajafika wakati wa kuwekwa kwenye kiti chochote, cha dola mia au cha bure. Lakini siku zikipita anataka kushika kijiko mwenyewe, na mikono miwili ya mama haiwezi kushika mtoto, bakuli na kijiko pamoja. Wengine humweka ndani ya beseni lililojazwa vikwembe. Kwa muda linafaa, lakini mgongo wake hupinda kama upinde, kidevu kinashuka kifuani, na chakula kinapita njia mbaya kirahisi. Mtoto anayekula anatakiwa akae wima, makalio yakiwa nyuma kabisa ya kiti, magoti yamekunjwa vizuri, na nyayo zimekanyaga kitu. Hili la nyayo hudharauliwa kuliko yote. Kaa wewe mwenyewe kwenye ukuta mrefu, miguu ikining'inia, ujaribu kula sombe, utaona mwili unavyotafuta pa kujishikiza badala ya kutafuna.

Ndiyo maana, kwa Bunia, chaguo langu ni kiti kifupi cha fundi. Kisiwe nakala ya kile cha picha. Kiwe cha chini, mtoto akikaa nyayo ziguse ubao wa kukanyagia ulio karibu na sakafu, na uso wake uwe sawa na wa mama aliyeko kwenye kigoda. Kwa bei, kifupi kinashinda kwa sababu ambayo fundi hatakutajia usipomuuliza: kiti kirefu kinataka miguu minne mirefu iliyonyooka, yaani mbao nzuri ya kununua, wakati kifupi kinatoka kwenye vipande vilivyobaki kwenye mlango au kitanda cha mteja mwingine. Nenda ukavitazame vipande hivyo kabla hamjapatana bei.

Mbao za mkalitusi ni rahisi na zimejaa kila pembe ya mji, lakini zikiwa mbichi hujikunja na kupasuka, na kiti kilichojikunja hukaa kwa miguu mitatu. Libuyu au muvula iliyokauka inagharimu zaidi kwa ubao, ila kwa kiti kidogo hivi tofauti si ya kuumiza. Muulize fundi mbao imekaa kivulini muda gani, na ukisikia harufu ya mafuta ya injini, ondoka. Watu hupaka mafuta machafu ya gari kwenye mbao kuzuia mchwa na bungua. Kwa paa ni sawa, kwa kitu ambacho mtoto atakitafuna akiota meno si sawa kabisa. Rangi ya mafuta nayo iache, kwa kuwa baadhi ya rangi bado zina madini ya risasi, na hayo huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Msasa mzuri mara mbili, kisha mafuta ya kupikia yaliyosuguliwa kwa kitambaa, vinatosha. Utayarudia kila yanapokauka.

Mambo ya kumsimamia fundi ni machache, na yote ni ya bei ndogo. Miguu iwe imetanuka kwa chini kuliko kikalio, ili mtoto akiegemea upande kisipinduke. Ubao wa kukanyagia ufungwe kwa skrubu, si misumari, na upande wa miguu uwe na matundu mawili matatu ya kuushusha anapokua. Sinia ifike kwenye viwiko vyake, si kwenye kidevu. Katikati ya miguu kuwe na kigingi kilicholainishwa, maana sinia peke yake haimzuii mtoto kuteleza chini yake hadi ashikwe shingo. Pasiwe na mwanya ambao kidole kinaingia na kukwama. Mkanda usiuache kwa fundi, atakufungia kamba. Nunua sokoni mkanda wa begi wenye kifungo cha plastiki kinachobanwa kwa vidole viwili, upitishe kiunoni na uuzungushe kwenye kigingi.

Tufanye hesabu, kwa namba za mfano tu, nawe weka za siku yako. WHO inashauri milo 2 hadi 3 kwa siku kati ya miezi 6 na 8, kisha 3 hadi 4 kuanzia miezi 9. Ukitumia kiti hadi mwaka mmoja na nusu, ni kama milo 1,200. Kiti cha duka cha dola 60 kinakuwa senti 5 kwa mlo. Cha fundi cha dola 24, senti 2. Ukitazama hivyo, tofauti ni upepo, na mwenye duka mwerevu atakuambia hivyohivyo. Lakini dola 36 za tofauti hazitoki senti 3 kwa senti 3. Zinatoka siku moja, mwezi uleule ambao mtoto ameanza kuhitaji kitu zaidi ya uji mtupu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama: yai, nyama au samaki. Mimi tofauti hiyo ningeipeleka kwa mama muuza samaki wa Kasenyi, na mayai juu yake.

Baada ya hapo kiti kifupi hakifi. Fundi akikata sinia na kigingi, mtoto wa miaka mitatu anabaki na kiti chake cha kukalia nje. Kiti kirefu kinaingia chini ya kitanda kikisubiri mdogo wake.

Nyumba inayokula mezani kweli, yenye viti vizito vya mbao, ina njia nyingine: kiti kidogo kisicho na miguu, kinachofungwa kwa mikanda juu ya kiti cha mtu mzima. Ni cha bei ya chini kuliko kiti kirefu na kinaingia kwenye begi. Usikifunge kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu kiti chenyewe kitaondoka na mtoto. Na kiti kifupi, cha aina yoyote, kisipandishwe juu ya meza hata kwa dakika. Bumbo, kiti laini cha sakafuni kutoka Afrika Kusini, kiliitishwa Marekani mwaka 2012 kurekebishwa, vipande vipatavyo milioni 4, kwa sababu watoto walikuwa wakipinda mgongo kwa nyuma na kuchomoka, na baadhi yao waliangukia sakafuni kutoka mezani.

Vya mkono wa pili vipo pia, hasa mgeni wa shirika anapofunga nyumba. Hapo unaweza kupata kiti cha Ulaya kwa bei ya fundi. Vuta mkanda kwa nguvu zako zote, fungua na ufunge kifungo mara kadhaa, pitisha kidole kwenye plastiki kutafuta ufa. Kiti kisicho na mkanda ni kiti nusu, na bei iwe nusu.

Ukiamua kwenda kwa fundi, agiza mtoto akiwa na miezi mitano, kwa sababu "Jumamosi" ya fundi ina Jumamosi nyingine nyuma yake. Lipa nusu. Siku ya kuchukua, nenda na mtoto, mkalishe, ufunge mkanda, uone nyayo zimefika wapi. Kisha mtoe, ukisukume kiti kwa mbele, nyuma na pembeni. Kikiyumba, salio libaki mfukoni hadi randa ipite tena kwenye miguu.