Bahari ikichafuka, kiongozi wa mbizi alipwe kwa kubaki pwani

Kuanzia Aprili, kusi inapoanza kuvuma, hadi inapopoa karibu na Oktoba, wakazi wa mwambao huzoea kusikia tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA): angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kuanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Kwa kampuni zinazowapeleka wageni kupiga mbizi kwenye miamba ya matumbawe, tangazo hilo huzua swali la asubuhi na mapema: boti iondoke au ibaki? Mitungi imekwisha kujazwa hewa, wageni wamekwisha kulipa, na nahodha anatazama povu linavyopasuka juu ya mwamba. Swali hilo halitajibiwa kwa haki maadamu kipato cha anayelijibu kinategemea boti kuondoka. Kubaki pwani siku bahari imechafuka ni sehemu ya kazi ya mbizi, na kazi hulipwa.

Wapo wanaosema mawimbi ni ya juu tu, chini kumetulia. Ukweli wa kauli hiyo una mipaka. Msukumo wa wimbi hufifia kadiri mtu anavyoshuka, lakini hauishi mpaka kina kifikie karibu nusu ya umbali kati ya kilele kimoja na kingine. Mawimbi ya bahari kuu yanayopishana kwa sekunde 8 yana umbali wa mita 100 hivi kati ya vilele, kwa hiyo msukumo wake hufika karibu mita 50. Mwenye cheti cha mwanzo hushauriwa asizidi mita 18. Huko bado anasukumwa mbele na kurudishwa nyuma juu ya matumbawe yanayokata ngozi. Tena, aliyeshuka hana budi kupanda. Akikaribia juu, husimama kwenye mita 5 kwa dakika 3 ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke polepole, na hapo ndipo mawimbi yanapomyumbisha zaidi. Kisha inakuja ngazi ya boti. Boti inapanda na kushuka, ngazi ya chuma inanyanyuka juu ya maji na kurudi kwa kishindo, na chini yake yuko mtu aliyechoka, mgongoni ana mtungi wa kilo 14 hivi, anasubiri nafasi ya kushika kidato cha kwanza. Mwenzake aliyeibukia mbali ni kichwa kimoja tu kati ya mawimbi. Kila kinapoingia bondeni, nahodha hakioni.

Wengine huuliza: mbona wavuvi wanatoka? Kwanza, si wote wanaotoka. Kusi ikikaza, wengi huvua ndani ya miamba, na wanaovuka kwenda nje huenda kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Dhiki ya mtu haiwezi kuwa ushahidi kwamba bahari ni salama. Pili, mvuvi akiona wingu linatanda kusini, hukusanya nyavu na kurudi. Nahodha wa wapiga mbizi hana uhuru huo. Watu wake wakishazama, kwa muda wa saa nzima au karibu na hapo ni vigumu kuwaita warudi, na kamwe hawezi kuondoka akawaacha. Hali ikibadilika katikati, uamuzi umekwisha kumponyoka. Ndiyo maana ni lazima ufanywe pwani. Hekima hii ni ya kale katika Bahari ya Hindi. Ahmad ibn Majid, rubani wa Kiarabu aliyeandika kitabu chake kikuu cha ubaharia karibu na mwaka 1490, alieleza kwa kirefu majira ya kusafiri na kipindi ambacho bahari hufungwa. Mabaharia wa pepo za misimu walipanga biashara yao kufuata pepo, wala hawakuona aibu kungoja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji haponi boti ikiwa imetia nanga. Mtalii naye ana siku chache, tena hushauriwa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita baada ya mbizi za kufuatana, hivyo siku zake zinazidi kupungua na shinikizo linaongezeka. Haya yote ni kweli, na ndiyo yanayothibitisha hoja yangu. Kiongozi anayelipwa kwa kila safari anapotazama bahari, anaitazama pamoja na karo ya watoto wake. Mwambao huu unajua gharama ya upepo wa kusi: Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Dawa ya shinikizo hilo ni bei ya msimu mzima kubeba ndani yake malipo ya siku za dhoruba, ili kiongozi apate posho yake ya siku hata akisema hatutoki, na mgeni arudishiwe fedha zake au apewe siku nyingine bila mabishano.

Wala kubaki si lazima kumaanishe kufunga kila kitu. Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa mwaka 1995, wapiga mbizi wakati wa kusi hubaki ndani ya Ghuba ya Chole, inayokingwa na visiwa na miamba, na huziacha kuta za nje mpaka bahari itulie. Hata mlango wa ghuba hiyo, Kinasi, una saa zake: maji yakijaa huingilika, yakitoka kwa kasi wakati wa bamvua, mkondo humpeleka mtu nje baharini. Anayejua mahali pake hakosi pa kwenda siku nyingi, na siku asipopata, anajua kwa nini.

Yasemwa pia kwamba utabiri hukosea. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na Kenya ikazuia shughuli za ufukweni. Kimbunga kikafika karibu na Mafia Mei 4 kikiwa kimepungua nguvu. Waliokasirikia tahadhari ile walisahau hesabu rahisi: siku iliyopotea bure hulipwa kwa kurudisha nauli, lakini mtu aliyepotea baharini hana fidia.

Kwa hiyo wenye kampuni waandike kiwango cha upepo na mawimbi ambacho boti haitoki, wakibandike mapokezi kabla mgeni hajalipa, na wawalipe viongozi wao siku hizo. Nawe unayepanga likizo ya pwani, kabla hujatoa fedha uliza maswali mawili: nani huamua boti isitoke, na je, akiamua hivyo analipwa? Jibu la pili likiwa hapana, tafuta kampuni nyingine.