Hesabu za kuiwahi malaria

Je, mwanao akishikwa na degedege, utadhani ni mapepo? Huenda ni malaria iliyopanda ubongoni, ambayo huweza kumwachia kifafa hata akipona.

Hapa Kakamega, joto likizidi, vimelea hukomaa upesi ndani ya mbu. Mvua nayo huacha madimbwi ya kutagia mayai. Mwaka 2001 Dkt Andrew Githeko wa KEMRI na mwenzake walichapisha hesabu za kutabiri mlipuko kwa vipimo hivyo viwili. Baadaye, kwa ufadhili wa Kanada na Uingereza, wataalamu wa maradhi na wa hali ya hewa waliziboresha pamoja.

Fedha hizo zilinunua muda wa kuandaa dawa mapema. Lakini hesabu haitibu: homa ikianza, mtoto apimwe damu siku hiyo hiyo.