Sura ya Tano: Mhandisi Huanzia Kidato cha Pili

Uhamasishaji wa uhandisi ni jumla ya shughuli ambazo chuo kikuu huzifanya nje ya madarasa yake ili wanafunzi wa shule waifahamu taaluma hiyo, waone kuwa wanaiweza, na wachague masomo yatakayowafikisha huko. Miongoni mwake ni ziara za wahadhiri shuleni, siku za kufungua karakana na maabara kwa wageni, kambi za likizo, klabu za sayansi na mafunzo ya awali kwa wanaokaribia kujiunga na chuo. Mara nyingi shughuli hizi hupimwa kwa idadi ya waliohudhuria, ilhali mafanikio yake hutegemea zaidi mambo mawili: wakati ambao chuo kinamfikia mwanafunzi, na kile ambacho mwanafunzi huyo anapewa kukifanya kwa mikono yake. Mfano wa Tanzania unaonesha mambo yote mawili kwa uwazi.

Milango mitatu kabla ya chuo

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani, kikafundisha uhandisi ujenzi, uhandisi mitambo na uhandisi umeme. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka shahada ya fani hizo ilimlazimu kwenda Nairobi au mbali zaidi. Leo kitivo hicho kimekuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, na shahada za uhandisi hutolewa pia na taasisi nyingine, zikiwamo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Uhaba wa vyuo umepungua, lakini njia inayomfikisha mwanafunzi kwenye vyuo hivyo imebaki nyembamba.

Njia hiyo ina milango mitatu. Wa kwanza hufika mwanafunzi anapomaliza kidato cha pili, kwa sababu katika utaratibu uliodumu kwa miaka mingi Hisabati na Baiolojia ni masomo ya lazima hadi kidato cha nne, ilhali Fizikia na Kemia huweza kuachwa kuanzia kidato cha tatu. Wa pili ni uchaguzi wa tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu yanayosomwa kidato cha tano na cha sita, ambapo mhandisi mtarajiwa kwa kawaida huchukua Fizikia, Kemia na Hisabati, mkusanyiko unaofahamika shuleni kote kwa kifupi cha PCM. Wa tatu ni mtihani wa kidato cha sita, ambao matokeo yake ya Fizikia na Hisabati ya Juu ndiyo yanayotazamwa kwanza na vyuo. Ipo pia njia ya stashahada kupitia vyuo vya ufundi, kama Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanzishwa mwaka 1978, lakini hata njia hiyo haimfai sana aliyeachana na Fizikia mapema.

Mlango wa kwanza ndio hatari kuliko yote, kwa kuwa hufungwa na kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, bila usaili wala ushauri wa kutosha, na pengine kwa sababu tu shule yake haina mwalimu wa Fizikia au maabara yake haina vifaa. Ndiyo maana chuo kinachopeleka wahadhiri kuzungumza na kidato cha sita pekee hukutana na watu ambao tayari wamevuka milango miwili. Kinaweza kuwasaidia kuchagua kati ya umeme na ujenzi, au kuwavuta kutoka chuo kingine, lakini hakiwezi kuongeza idadi ya wahandisi wa nchi.

Hotuba na vitendo

Kuwahi peke yake hakutoshi, kwa sababu mtoto anaweza kufikiwa mapema akaambiwa mambo yasiyomgusa. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda jambo hutokana na vyanzo vinne: kufaulu mwenyewe katika kulitenda, kumwona mtu anayefanana naye akilitenda, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia anapolikabili. Chanzo chenye nguvu zaidi ni kutenda na kufaulu, ilhali maneno matupu yana nguvu ndogo. Ziara nyingi za vyuo hutegemea hotuba, na hivyo huegemea chanzo dhaifu na kukiacha kile kilicho imara.

Chanzo cha pili nacho kina uzito wake. Mwaka 1983 mtafiti David Wade Chambers alichapisha matokeo ya zoezi ambalo watoto 4,807 waliombwa kuchora mwanasayansi. Ni michoro 28 tu iliyoonesha mwanamke, na yote ilichorwa na wasichana. Zoezi la namna hiyo lilipofanywa baadaye kuhusu wahandisi, watoto wengi walichora watu wanaotengeneza magari au kujenga, na wachache walionesha mtu anayesanifu, yaani anayebuni kitu na kukokotoa vipimo vyake kabla hakijajengwa. Msichana wa kidato cha pili anapokutana na mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu, aliyesoma shule kama yake na anayeweza kumweleza jinsi nyaya za Daraja la Kigamboni zinavyobeba uzito na kuupeleka kwenye nguzo, picha hiyo hubadilika kwa namna ambayo bango la tangazo haliwezi kuibadilisha.

Shughuli ya vitendo haihitaji fedha nyingi. Kundi la wanafunzi linaweza kupewa vijiti, uzi na gundi, likatakiwa kujenga daraja la urefu uliopangwa kwa vifaa visivyozidi kiasi fulani, kisha daraja hilo likaning'inizwa ndoo inayotiwa mchanga kidogo kidogo hadi livunjike. Kundi huchunguza kiungo kilichoachia kwanza, hurekebisha mchoro na kujenga tena. Huo ndio mzunguko wa usanifu: kulielewa tatizo na mipaka yake, kubuni, kujaribu, na kusahihisha. Mwanafunzi aliyezoea mtihani unaoadhibu kila kosa hugundua kuwa katika uhandisi kuvunjika kwa mfano wa majaribio ni taarifa inayotumika, na ugunduzi huo humwondolea woga ambao kwa wengi ndio uliofanya Fizikia ionekane somo la wateule.

Wasichana na daraja la mwisho

Kwa wasichana, vyuo vimelazimika kuongeza hatua nyingine. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliotaka kusoma sayansi lakini alama zao zilipungua kidogo kufikia kiwango cha ushindani, na katika miaka ya 2000 utaratibu wa aina hiyo uliingizwa katika uhandisi. Waombaji walisoma kwa muda mfupi masomo ya msingi chuoni, wakafanya mtihani, na waliofaulu walipewa nafasi. Hoja yake ilikuwa kwamba alama za kidato cha sita hupima uwezo wa mwanafunzi pamoja na mazingira aliyosomea, hivyo anayepewa mazingira yaliyo bora huweza kuonesha uwezo ambao mtihani wa kwanza haukuufikia. Hata hivyo utaratibu huo uliwafikia tu waliobaki katika Fizikia hadi mwisho, na kwa hiyo haukuweza kuchukua nafasi ya kazi ya kidato cha pili.

Kipimo cha kweli

Kutokana na hayo, kipimo cha uhamasishaji ni idadi ya wanafunzi wa shule zilizofikiwa ambao, mwaka mmoja baadaye, bado wanasoma Fizikia, na miaka miwili zaidi baadaye wamechaguliwa PCM. Kipimo hicho hukilazimisha chuo kurudi katika shule zilezile, na zaidi ya yote kushirikiana na mwalimu wa Fizikia, ambaye yuko na wanafunzi mwaka mzima wakati mhadhiri yuko nao kwa saa chache. Kumfundisha mwalimu mmoja kufanya jaribio kwa vifaa vinavyopatikana sokoni huwafikia wanafunzi wa miaka mingi ijayo.

Hesabu ya muda inaonesha uzito wa jambo hili. Anayeanza kidato cha kwanza anahitaji miaka minne hadi kidato cha nne, miwili ya kidato cha tano na cha sita, minne ya shahada, na takriban mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla hajasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu: jumla ni miaka kumi na mitatu. Wahandisi wa kizazi kijacho kwa hiyo wanakaribia sasa kuamua kama wataendelea na Fizikia au wataiacha, na bajeti ya uhamasishaji inayowasubiri kidato cha sita hutumika baada ya uamuzi huo kufanyika.