Mchuuzi Apitaye Kambini

Karafuu ikiwiva haimngoji mtu. Ikichelewa kuchumwa hufunguka ua, na iliyofunguka ua haina bei. Ndiyo maana msimuni hatuna nafasi ya kwenda sokoni Wete wala Chake Chake. Asubuhi tumo juu ya mikarafuu, jioni tumo jamvini twachambua makonyo. Nani basi atulishaye siku hizo, sisi na wachumaji wetu?

Ni mchuuzi na mkulima wa jirani. Mchuuzi wa samaki hununua mnadani kwenye diko la Tumbe, akafunga tenga nyuma ya baiskeli, akapanda vilima akipiga honi. Bibi wa bondeni naye huja na pakacha la muhogo, majimbi na ndizi za kupika. Chakula hicho hakikulala njiani. Samaki mbichi macho yake huwa maangavu na matamvua mekundu. Muhogo ulong'olewa leo huvunjika kwa mlio na ndani ni mweupe; ukikaa siku mbili tatu huingia michirizi myeusi.

Wazee wetu waliijua thamani ya shamba la jirani. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma, mchele wa huko uliozoeleka visiwani mwetu ulikatika. Karafuu hailiwi, muhogo na ndizi ndivyo vilivyojaza chungu. Tukimwacha mkulima wa muhogo akate tamaa leo, siku ya shida tutamkimbilia nani?

Lakini liko jambo ambalo yatupasa tuambiane, ijapokuwa latuuma. Wengi wetu humwambia mchuuzi, "Andika, nitakulipa karafuu zikipimwa." Karafuu yataka siku nne au tano za jua kali, na mvua ikinyesha huzidi. Ndipo ipelekwe kituo cha ZSTC na fedha zitoke. Mchuuzi hana subira hiyo, kwani mnadani hutoa fedha taslimu. Kambi nne zikimkopa leo na kesho, siku ya tatu hana mtaji.

Msimu mmoja kambini kwetu tulimzoea kijana wa samaki kila siku saa nne. Tulimkopa kwa siku sita, na majirani zetu vivyo hivyo. Siku ya saba hatukusikia honi. Wachumaji walikula wali mkavu, na siku ya pili yake baadhi yao wakahamia kambi nyingine. Tulipokwenda kumtafuta tulimkuta akipasua kuni, na baiskeli ameiuza. Tulimlipa deni lake lote, lakini baiskeli haikurudi, na msimu ule hatukula tena samaki mbichi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kabla ya msimu, tenga fedha za chakula mbali na ujira wa wachumaji. Lipa papo hapo. Ukikosa, deni lisilale zaidi ya siku moja. Bei ipatane, lakini usimkandamize mtu aliyekuletea mzigo mlangoni na kukuokolea nusu siku ya kazi. Na muhogo wa jirani ununuliwe kwanza kabla ya unga wa dukani.

Dawa ya deni ni kulipa. Honi ikilia kesho, tumpe mchuuzi haki yake, ili na kesho kutwa tuisikie tena.