Mombasa kwa Mfuko wa Kawaida: Shilingi Inaishia Wapi

Kwa viwango vilivyozoeleka, mtu mzima raia wa Kenya hulipa Sh200 kuingia Ngome ya Yesu, na mtoto Sh100. Wazazi wawili na watoto wawili wanapita langoni kwa Sh600. Familia hiyo hiyo, ikiwa imetoka Nairobi kwa treni ya SGR katika behewa la kawaida, imekwisha kutoa Sh9,000 kwa kwenda na kurudi: Sh1,500 kwa mtu mzima kila safari na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Ikipanda daraja la kwanza, la Sh4,500, hesabu inafika Sh27,000. Kwa kila shilingi iliyoingia ngomeni, 15 zimebaki relini, au 45 kwa wapenda viti vipana.

Watu husema Mombasa ni ghali. Mimi nasema ghali ni kufika na kulala. Mji wenyewe, kwa anayependa kuutembea nje juani, ni rahisi ajabu. Kisha kuna gharama ya tatu isiyoandikwa katika risiti yoyote, nayo ni kutojua maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Hiyo ndiyo inayowaumiza wengi, na nitaifikia.

Tuanze na treni, maana ndiyo inayokula zaidi. Ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, nauli ya kawaida ilikuwa Sh700, bei ya kuwaonjesha watu. Ikapanda hadi Sh1,000, na Januari 2024 ikafika Sh1,500, huku daraja la kwanza likitoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Ni nyongeza ya asilimia 50 kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, gawanya Sh1,500 kwa kilomita 472 upate kama Sh3.20 kwa kilomita. Reli yenyewe iligharimu takriban Sh327 bilioni, karibu Sh690 milioni kwa kila kilomita, kwa hiyo abiria anayedhani nauli yake ndiyo inayolipa deni la Benki ya Exim ya China anajipa sifa za bure. Na kuna bakshishi: reli inakata Tsavo, na mwenye bahati ya dirisha huwaona ndovu waliojipaka vumbi jekundu bila kulipa kiingilio cha hifadhi. Ndiyo maana nikiulizwa, husema panda ya asubuhi. Ya usiku inakunyima yote hayo.

Ukishuka Miritini bado hujafika. Kituo kiko bara, nje ya kisiwa, na wenye teksi wanamtambua mgeni kwa begi lake. Matatu zipo hapo hapo nje. Tofauti ya nauli kati ya hizo mbili inatosha chakula cha mchana cha nyumba nzima.

Sasa mji. Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote 47 kwa eneo: kilomita za mraba 219.9, zilizobeba watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, kama watu 5,500 kwa kila kilomita ya mraba. Msongamano huo unamchosha mwenye gari na kumfaa mwenye miguu. Mji wa Kale wote ni hekta 72 hivi. Asubuhi moja inatosha kuanzia ngomeni, ukapita vichochoro vya milango ya nakshi hadi Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kujengwa mwaka 1570, ukarudi kwa njia nyingine na kahawa chungu mkononi. Kiingilio hakuna. Atakayekutembeza atataka chake, na hicho mnakubaliana kabla ya hatua ya kwanza, si baada ya ya mwisho.

Ngome inastahili zile Sh200 mara nyingi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na manowari Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwaokoa waliokuwa ndani, ikazama chini ya kuta hizo mwaka 1697. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2011. Mgeni kutoka ng'ambo amezoea kulipa Sh1,200, mara sita ya raia, na sioni dhuluma hapo: raia huyo huitunza kwa kodi hata mwaka asioitembelea.

Toka hapo ufuate ukingo wa kisiwa upande wa kusini ufike bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Serikali iliikarabati kwa Sh460 milioni na kuifungua upya Oktoba 2019. Ni ekari 26, kwa hiyo kila ekari ilikula karibu Sh17.7 milioni, na mwananchi haingii kwa tiketi. Nunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, keti chini ya mibuyu, utazame meli za makontena zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma majina yao. Kwa maoni yangu hakuna burudani ya bei hiyo Afrika Mashariki nzima. Pembe za Ndovu za Moi Avenue, zilizoanza mwaka 1952 kwa ziara ya Elizabeth akiwa bado binti mfalme, ni za picha ya dakika mbili. Piga, uondoke, magari ni mengi.

Feri ya Likoni ni mandhari pia, ingawa hakuna kampuni ya utalii inayoiuza. Mkondo una upana wa kama mita 500 na huvushwa watu wapatao 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Mwenye miguu halipi kitu. Feri kubwa zilizoletwa 2010, MV Likoni na MV Kwale, hubeba watu wapatao 1,500 kila moja. Ukizijaza kabisa, bado zinahitajika safari 200 kuwamaliza watu wa siku moja. Usivuke saa za watu kwenda na kutoka kazini kwa ajili ya matembezi. Unawapunguzia nafasi wanaoitegemea. Vuka saa tano asubuhi, simama kando, tazama. Na ukiamrishwa usogee mbali na mlango, sogea: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imezidisha abiria, wakafa watu 272. Anayeelekea Diani kwa gari anaweza sasa kuukwepa mkondo kabisa kwa barabara ya Dongo Kundu iliyokamilika 2024.

Upande wa kaskazini, Bamburi, kuna Haller Park, shimo la machimbo ya saruji lililogeuzwa msitu. René Haller alianza mwaka 1971 kwa kujaribu aina 26 za miti juu ya mwamba mtupu. Tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa shujaa wao. Majani yake makavu hayakuwa yakioza, wakaletwa majongoo wayatafune yawe udongo. Wengi huja kwa sababu ya kiboko Owen na kobe Mzee, urafiki uliojulikana dunia nzima baada ya tsunami ya Desemba 2004. Mimi ningewapeleka watoto waone majongoo.

Sasa ile gharama isiyo na risiti. Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za bamvua, na katika bamvua kubwa kabisa tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi. Kwenye fuo tambarare kama za Bamburi, mita 4 za kwenda chini ni mamia ya mita za kwenda mbele: bahari inajiondokea.

Siku za bamvua maji hupwa Mombasa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa tena saa kumi au kumi na moja jioni. Asubuhi ni ya kutembea mwambani na viatu miguuni, kwa sababu ya urumba. Jioni ndiyo ya kuogelea. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na saa nne hiyo hiyo bahari imejaa. Kila likizo utawakuta watu wa bara wamesimama na maboya ya watoto saa tano asubuhi mbele ya uwanda wa mwani, wakilaumu hoteli. Wamelipia siku tatu za bahari, wakapata jioni tatu. Mzee wa pwani angewaambia kwa kutazama mwezi tu, lakini tovuti za kukodi vyumba hazina mzee wa pwani.

Kupwa huko kuna faida ya kisheria ambayo wachache wanaitumia. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Hoteli inaweza kumiliki viti na miavuli. Mchanga unaooshwa na maji si wake. Ingia kwa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji wanauita Pirates, utembee utakako.

Kuna hifadhi ya bahari pia, iliyotangazwa 1986: kilomita za mraba 10 za hifadhi kamili ndani ya akiba ya kilomita 200. Mashua zenye sakafu ya kioo huenda maji yakipwa, matumbawe yakiwa karibu. Nauli ni maelewano, na kiingilio cha shirika la wanyamapori, KWS, ni kando. Uliza kama kimo ndani ya bei kabla ya kupanda.

Wazamiaji wana MV Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 katika kina cha kama mita 30 iwe makao ya samaki. Cheti cha mwanzo cha kuzamia kwa kawaida kinamruhusu mtu mita 18, kwa hiyo bila cheti cha juu zaidi usidanganywe. Hesabu ya hewa haibembelezi: mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400, zinazomtosha anayevuta lita 20 kwa dakika kwa saa mbili akiwa juu. Mita 30 chini, shinikizo ni mara nne, na saa mbili zinakuwa nusu saa. Toa baa 50 za akiba, umebaki na dakika 20 na ushei, kushuka na kupanda kukiwa humo humo.

Msimu nao una bei yake. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na vyumba vinapanda. Mei vyumba vinashuka, lakini mwezi huo hupata zaidi ya milimita 200 za mvua. Chumba, hata hivyo, hakipandi bei kwa sababu ya bamvua. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya treni, fungua kalenda ya mwezi: chagua siku za bamvua ukitaka kutembea mwambani, na za maji mafu ukitaka watoto waogelee asubuhi.