Kweli au si kweli: asainmenti ya fizikia na kalkulasi

Mwaka wa kwanza wa sayansi pale Egerton, Njoro, au Kabarak, au chuo kingine chochote cha upande huu wa Bonde la Ufa, huja na vitu viwili: karatasi ya maswali ya fizikia na kalkulasi, na ushauri wa bure kutoka kwa waliotangulia. Karatasi hurudi na wino mwekundu. Ushauri hausahihishwi na mtu, ndiyo maana hurithiwa hosteli kwa hosteli, mwaka baada ya mwaka. Hapa tumeuchukua mmoja mmoja, pamoja na dhana chache zinazozunguka darasani na barabarani, tukausahihisha.

"Nimesoma suluhisho nikalielewa, kwa hiyo swali hilo nalijua."

SI KWELI. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio litakalomfurahisha msomaji wa Kiswahili. Wanafunzi wa chuo nchini Marekani walipewa maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza wayakariri. Neno likishakumbukwa mara moja, wengine waliendelea kujipima nalo; wengine waliacha kujipima, wakawa wanalisoma tu. Wiki moja baadaye, waliojipima walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha walikumbuka kama theluthi moja. La ajabu zaidi, walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia karibu nusu. Hakuna aliyehisi tofauti ndani yake.

Kukariri maneno si kutatua milinganyo, lakini hadaa ni ile ile. Suluhisho lililopangwa vizuri husomeka kwa urahisi, hatua moja ikizaa nyingine. Kisichoonekana humo ni uamuzi: kwa nini mwandishi alianzia kwenye uhifadhi wa nishati, akaiacha sheria ya pili ya Newton? Kwa nini alibadilisha kigezo kabla ya kuintegreti? Maamuzi hayo ndiyo yanayopimwa kwenye mtihani wa kati (CAT). Basi funika suluhisho, chukua karatasi tupu, anza upya. Pale kalamu itakapogoma, hapo ndipo pa kusoma.

"Kalkulasi ina vichwa vyake."

SI KWELI. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya China walikuwa wakifaulu. Majibu yaliyozoeleka, kwamba hawana ari, au hawakuandaliwa vyema shuleni, au familia hazijali, hayakusimama alipoyachunguza. Alichokiona ni namna ya kufanya kazi. Wanafunzi wale weusi walisoma kwa bidii, lakini kila mtu peke yake. Wale wa asili ya China walifanya maswali kila mmoja kivyake kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu na kukosoana. Treisman akaanzisha warsha za vikundi, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani badala ya marudio mepesi. Alama za waliojiunga zilipanda waziwazi.

Mpangilio wa hatua ndio siri: peke yako kwanza, pamoja baadaye. Kikundi kinachokutana saa nne usiku ili mmoja afanye na wengine wapige picha kwa simu ni mwakenya wa pamoja tu, yaani kuibia majibu.

"Matatu ikienda Njoro kwa kilomita 40 kwa saa na kurudi Nakuru kwa 60, wastani ni 50."

SI KWELI. Ni 48. Umbali ni ule ule, lakini gari limetumia muda mrefu zaidi likienda polepole, kwa hiyo 40 ina uzito zaidi. Ingekuwa 50 kama lingekimbia kwa kila kasi kwa muda ulio sawa. Kabla ya kutafuta wastani, jiulize: wastani juu ya nini?

"Derivativu ya saini x ni kosaini x."

KWELI, mradi pembe ipimwe kwa radiani. Kwa digrii, jibu huzidishwa kwa π/180, yaani karibu 0.0175. Sababu ni kwamba uthibitisho wote unategemea uwiano wa saini x kwa x kukaribia 1 pembe inapokaribia sifuri, na hilo hutokea tu pembe ikipimwa kwa urefu wa tao ukigawanywa kwa nusu kipenyo. Kabla ya kuanza kazi, bonyeza saini ya 30 kwenye kikokotoo. Ukipata 0.5, kiko kwenye digrii, ukipata −0.988, kiko kwenye radiani.

"Jiwe likirushwa wima, likifika juu kabisa mchapuko wake ni sifuri."

SI KWELI, na hapa huanguka hata waliopata A ya fizikia sekondari. Kileleni, kasi ndiyo sifuri. Mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, hauguswi. Andika v = u − gt, ambapo u ni kasi ya kuanzia, t ni muda na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, kisha tafuta derivativu: ni −g kwa kila t, pamoja na ile sekunde ambayo v imefika sifuri. Kama kasi na mchapuko vingekuwa sifuri kwa pamoja na vikabaki hivyo, jiwe lingening'inia hewani. Thamani ya fankisheni kuwa sifuri haisemi chochote kuhusu mwinuko wa grafu yake mahali hapo. Anayelishika hili kwa jiwe atakuwa amelishika pia kwa nusu ya maswali ya kalkulasi ya muhula wa kwanza.

"g ni 9.81, na ukipata vingine maabarani umekosea."

SI KWELI, hasa ukiwa Njoro. Namba 9.81 inafaa miji kama London na Paris. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako dunia imetanuka: nusu kipenyo chake hapa ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni 6,357. Mzunguko wa dunia nao huipunguza g zaidi. Ongeza kimo cha Njoro, karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na g inashuka hadi karibu 9.77.

Tofauti hiyo haifiki nusu ya asilimia, na saa ya mkononi na pendulamu ya uzi huenda visiione. Lakini mwanafunzi anayepata 9.76, kisha akapika data ili ifike 9.81, ameiacha namba ya nyumbani akaazima ya ugenini. Andika ulichopima pamoja na kiasi unachoweza kuwa umekosea. Vivyo hivyo kwa maji: kwa kimo hicho huchemka karibu nyuzi 93, si 100, kwa kuwa shinikizo la hewa ni dogo. Swali likisema "chukulia 100", chukulia. Maabarani, soma kipimajoto.

"Ukivuka ikweta, maji kwenye beseni hubadili upande wa kuzunguka."

SI KWELI. Barabara ya Nakuru kwenda Marigat huvuka ikweta Mogotio, na huko Nanyuki watalii huonyeshwa beseni lenye tundu, hatua chache kaskazini, hatua chache kusini. Onyesho hilo hufaa sana kuwa asainmenti. Athari ya Coriolis, yaani kupinda kwa njia kunakoletwa na mzunguko wa dunia, kwa kitu kinachosafiri mlalo hufuata 2Ω mara saini ya latitudo, ambapo Ω, kasi ya dunia kujizungusha, ni 7.29 × 10⁻⁵ radiani kwa sekunde. Mita 20 kutoka ikweta, saini hiyo ni 20 ukigawanya kwa 6,378,000, yaani karibu 3 katika milioni. Kwa maji yaendayo sentimita 10 kwa sekunde, mchapuko unaotokea haufiki hata sehemu moja katika bilioni mia moja ya g. Mkono wa anayemimina maji una nguvu kuliko hapo kwa mbali mno.

Je, athari yenyewe ipo? Ipo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, karibu na Boston, aliijaribu kwenye tangi la upana wa karibu mita 1.8, akayaacha maji yatulie saa 24, na yakazunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney wakapata upande wa pili. Lakini latitudo ya Boston huifanya athari iwe kubwa zaidi ya mara 200,000 kuliko ile ya mita 20 kutoka ikweta, na hata huko ilihitaji siku nzima ya utulivu.

"Jibu likifanana na la nyuma ya kitabu, kazi imekwisha."

KWELI NUSU. Limethibitika jibu, njia bado. Tena vitabu huchapwa na makosa. Jipe vipimo viwili ambavyo havihitaji kitabu. Cha kwanza ni vizio. Mtu akikuletea kasi ya kitu kilichoanguka kutoka kimo h kuwa ni kipeuo cha pili cha 2g/h, angalia: mita kwa sekunde mraba, ukigawanya kwa mita, hubaki moja kwa sekunde mraba, ukitoa kipeuo, unabaki na "kwa sekunde". Hiyo si kasi. Weka 2gh, utapata mita kwa sekunde. Cha pili ni ukomo: h ikiwa sifuri, kasi lazima iwe sifuri. Fomula ile ya kwanza ingesema haina kikomo, kwamba kitu ambacho hakijaanguka kinakwenda mbio kuliko vyote.

Vipimo hivyo huchukua nusu dakika, na ndivyo pekee utakavyoingia navyo chumba cha mtihani, ambako karatasi haina majibu nyuma.