Kompyuta na Usemi wa Wazee Wetu

Shangazi yangu wa Ruiru, mwalimu mstaafu, alianza kuita kila kitu "nanihii". Sufuria ikawa nanihii, kanisa likawa nanihii, hatimaye hata mimi. Jamaa zetu wa Thika walisema ni uzee tu; nami, msomi wa isimu, nikaitikia. Baadaye nilizifunua barua alizoniandikia nikiwa shule ya bweni. Zilijaa majina ya miti, ndege na majirani. Za karibuni zilijaa "vile vitu" na "yule mtu". Ushahidi nilikuwa nao sandukuni.

Mwaka 2005, Peter Garrard na wenzake huko London walifanya ulinganisho kama huo kwa msaada wa kompyuta. Walichunguza riwaya tatu za Iris Murdoch. Ile ya mwisho, iliyotoka 1995, ilikuwa na msamiati finyu kuliko zilizotangulia, ingawa sarufi yake haikuyumba sana. Ugonjwa wa Alzheimer ulitambuliwa baada ya kitabu hicho kutoka.

Leo zipo programu zinazopima usemi wenyewe: vituo vya kimya, marudio, na wingi wa viwakilishi mahali pa nomino. Hata hivyo, nyingi zimefunzwa kwa Kiingereza. Zitafanyaje na neno kama "alikipeleka", lililobeba mtenda, wakati na kitendwa kwa pamoja? Na mzee wa Thika aanzaye sentensi kwa Kikuyu na kuimaliza kwa Kiswahili? Akisema "kitabu yangu", je, ngeli zimempotea kwa maradhi, au ndivyo alivyosema tangu ujana? Mashine isiyojua hayo itamwita mzima mgonjwa, na mgonjwa mzima.

Kwa hiyo kazi ni yetu. Mwalimu, mwanafunzi, mrekodi babu au nyanya yako, kwa ridhaa yake, akisimulia maisha yake. Urudie kila mwaka. Kipimo bora cha mtu ni usemi wake mwenyewe wa jana. Vyuo vyetu navyo vikusanye usemi wa wazee katika lugha zetu zote.

Mashine haitakuwa daktari. Itatushtua tu tumpeleke mgonjwa mapema, kwani usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12 au sonona, nao hutibika. "Ni uzee tu" si jibu. Ni mlango tunaomfungia mzee angali anabisha.